Deni la Mwenye Duka wa New Salem

Jina la Abraham Lincoln wengi wetu tulilisikia shuleni. Ni Rais wa 16 wa Marekani, yule aliyetangaza uhuru wa watumwa na kisha akapigwa risasi mwaka 1865. Sura yake imo kwenye noti ya dola tano. Lakini safari hii hatutakaa sana Ikulu. Tutamtazama katika miaka sita aliyoishi kwenye kijiji kidogo kiitwacho New Salem, jimbo la Illinois, alipokuwa kijana mwenye duka, hana ukoo mahali pale, hana shamba, ana madeni, na bado anataka kuingia Bunge. Sehemu hiyo ya maisha yake haisimuliwi sana, na kwa watu kama sisi huenda ndiyo yenye mengi ya kutuambia.

Tuanze na familia, kwa sababu ilikuwa familia ya kuhamahama. Babu yake, ambaye pia aliitwa Abraham, alitoka Virginia akaenda Kentucky kutafuta ardhi. Mwaka 1786 aliuawa akiwa shambani na watu wa makabila ya asili, ambao nao walikuwa wakiitetea nchi yao isichukuliwe. Mtoto wake mdogo, Thomas, alikuwepo akaona. Kwa sheria ya wakati ule, urithi ulikwenda kwa kaka mkubwa, na Thomas akakua kwa kufanya vibarua hadi alipojifunza useremala. Huyo Thomas ndiye baba wa Lincoln wetu, aliyezaliwa tarehe 12 Februari 1809.

Thomas alinunua mashamba Kentucky, moja baada ya jingine, na kila mara yakamletea matatizo ya hati. Upimaji wa ardhi kule ulikuwa ovyo. Mtu analipa fedha yake, anafyeka msitu, anajenga nyumba, analima misimu miwili mitatu, halafu anatokea mwingine mwenye karatasi nyingine na mwanasheria. Ndugu msomaji, hapa hakuna haja ya kueleza zaidi, maana katika makazi yetu haya kila mstari wa nyumba una mtu anayelijua jambo hilo. Desemba 1816 Thomas alichukua mkewe na watoto wawili, wakavuka mto Ohio, wakaingia Indiana, ambako serikali iliuza ardhi iliyokwisha kupimwa na ambako utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Abraham alikuwa na miaka saba.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 1818, mama yake, Nancy, alifariki kwa ugonjwa wa maziwa. Ng'ombe walikuwa wamekula mmea wenye sumu porini, na sumu ikapita kwenye maziwa. Mwaka 1819 baba alioa mjane mwenye watoto watatu, Sarah Bush Johnston, na mama huyu wa kambo alimpenda Abraham kama mtoto wa tumbo lake. Kuhusu shule, ukijumlisha siku zote alizokaa darasani hazifiki mwaka mmoja. Mengine alijisomea kwa vitabu vya kuazima. Mwaka 1830 familia ikahama tena, ikaenda Illinois.

Aliingia New Salem kwa ajali. Mwaka 1831, akiwa na miaka 22, aliajiriwa na mfanyabiashara mmoja mwenye maneno mengi, Denton Offutt, kupeleka shehena ya mazao hadi New Orleans kwa mashua pana ya mbao. Walipofika New Salem mashua ilikwama juu ya bwawa la kinu cha kusagia nafaka, nusu inaning'inia, maji yanaingia nyuma. Watu wakajaa ukingoni kutazama. Kijana mrefu aliyekunja suruali akahamisha mizigo, akatoboa tundu upande wa mbele ulioning'inia hewani, maji yakatoka, akaziba tundu, na mashua ikavuka. Offutt alifurahishwa na kijana na pia na mahali penyewe. Akasema atafungua duka pale na kijana atakuwa karani wake.

Kijiji kilikuwa juu ya kilima, mto Sangamon ukipita chini. Kilikuwa na umri wa miaka miwili tu na familia zipatazo ishirini na kidogo. Palikuwa na kinu, mhunzi, fundi wa mapipa, fundi viatu, daktari, nyumba ya wageni, na maduka kadhaa. Wakulima wa mbali walileta nafaka kusaga, na wakati wakisubiri zamu walizungukazunguka madukani. Lincoln alirudi hapo Julai 1831 bila kumjua mtu. Duka la Offutt lilifunguliwa, na kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limekufa. Offutt akaondoka zake. Karani akabaki bila kazi.

Hata hivyo ndani ya miezi ile michache watu walikuwa wamemzoea. Alikuwa na hadithi za kuchekesha, hakulewa, na alikuwa na nguvu za kupigana mieleka na vijana wakorofi wa kitongoji cha Clary's Grove, ambao baada ya kumjaribu wakawa rafiki zake. Tena alikuwa anaaminika kwenye mizani. Inasimuliwa kwamba alipogundua amemzidishia mteja senti chache alitembea maili kadhaa usiku kuzirudisha.

Machi 1832 alitangaza kugombea kiti katika Bunge la jimbo. Alikuwa na miaka 23 tu. Katika tangazo lake aliahidi mambo yanayogusa kijiji moja kwa moja: mto Sangamon usafishwe ili meli ziweze kupita, iwekwe sheria ya kuzuia riba za kunyonya maskini, na elimu iwafikie wote ili kila mtu aweze kusoma historia ya nchi yake na Maandiko Matakatifu. Alikiri wazi kwamba alizaliwa katika hali ya chini na hana jamaa tajiri wa kumtetea.

Suala la mto lilikuwa la kufa na kupona. Mwezi huohuo meli ndogo ya mvuke iitwayo Talisman ilipanda Sangamon hadi karibu na Springfield, na watu wote wakashangilia. Baada ya siku chache maji yalianza kupungua. Lincoln alikuwa mmoja wa walioajiriwa kuiongoza irudi, na ilibidi kubomoa sehemu ya bwawa la New Salem ili ipite. Haikurudi tena. Mwenye macho angeona siku ile kwamba New Salem haitakuwa bandari kamwe. Lincoln hakuona, au hakutaka kuona.

Kabla ya uchaguzi kukatokea vita. Kiongozi wa watu wa Sauk, Black Hawk, alivuka mto Mississippi Aprili 1832 pamoja na watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo wanawake, wazee na watoto, wakirudi kwenye nchi yao waliyokuwa wamefukuzwa. Mashamba yao ya mahindi yalikuwa tayari mikononi mwa wageni. Jimbo likaita askari wa kujitolea, na Lincoln, asiye na kazi, akajiunga. Wenzake wakamchagua kwa kura kuwa kapteni wao, jambo lililomfurahisha kwa miaka mingi. Hakupigana vita yoyote, ila alizika waliouawa. Wenzake walisimulia baadaye kwamba mzee mmoja wa makabila yale aliingia kambini na barua ya kumlinda, askari wakataka kumwua, na Lincoln akasimama mbele yake. Ni vyema kulisema hilo. Lakini pia ni haki kusema kwamba alikuwa upande wa waliofukuza. Mwanzoni mwa Agosti wengi wa watu wa Black Hawk waliuawa walipokuwa wanajaribu kuvuka Mississippi kukimbia, wanawake na watoto miongoni mwao. Lincoln wakati huo alikuwa amekwisha kurudi, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, maana farasi wake aliibwa.

Kura zilipigwa tarehe 6 Agosti 1832. Wagombea walikuwa 13 na viti vinne. Lincoln akawa wa nane. Mmoja wa walioshinda alikuwa mhubiri mashuhuri wa Kimethodisti, Peter Cartwright. Lakini angalia jambo hili: katika kituo cha New Salem, penye kura 300, Lincoln alipata 277. Wilaya haikumjua. Wanaomjua walimpa karibu kura zote, na alikuwa amekaa kwao mwaka mmoja tu.

Sasa tufike dukani. Alifikiria kujifunza uhunzi, akaogopa. Alipenda sheria, akaona elimu yake haitoshi. Ndipo ndugu wawili wa ukoo wa Herndon walipotaka kuuza duka lao. William Berry, mtoto wa mchungaji, aliyekuwa askari chini yake, alinunua sehemu moja, na Lincoln akanunua nyingine. Fedha taslimu hakuwa nazo. Alitia sahihi karatasi ya kuahidi kulipa. Mapema mwaka 1833 duka jingine la kijijini, la Reuben Radford, lilivunjwavunjwa na wale vijana wa Clary's Grove. Radford aliyekata tamaa aliuza kila kitu kwa William Greene, na Greene papo hapo akaviuza kwa Berry na Lincoln kwa faida. Sahihi nyingine. Bidhaa zikajaa: chumvi, sukari, kahawa, vitambaa, vyombo vya udongo, kofia, pombe.

Aliyewahi kuendesha kibanda anaweza kuona lilikoelekea. Kijiji hakikui. Wateja ni walewale, na wote wanakopa wakiahidi kulipa baada ya mavuno. Berry alikuwa mlevi, akinywa bidhaa zao wenyewe. Lincoln hakunywa, lakini naye hakuwa mfanyabiashara. Alilala chini ya mti na kitabu, au aliongea siasa na kila aliyeingia, na mteja akitaka kitu ilibidi amkatize. Machi 1833 duka lilichukua leseni ya kuuza pombe kwa glasi, na sahihi ya Lincoln kwenye karatasi ile haikuandikwa kwa mkono wake. Adui zake wa kisiasa walimrushia jambo hilo hadi mwaka 1858. Duka lenyewe lilizimika kidogo kidogo, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Zikabaki karatasi. Karatasi ya deni wakati ule iliweza kuuzwa kutoka mtu hadi mtu, hivyo uliyekopa kwake si lazima awe ndiye atakayekudai. Tena wabia wakitia sahihi pamoja, kila mmoja anadaiwa lote. Januari 1835 Berry alifariki bila kuacha cha maana. Wadai wote wakamgeukia aliye hai. Jumla ilikuwa kama dola 1,100, fedha nyingi mno kwa kijana wa kibarua. Alilitania kwa kuliita deni la taifa.

Ni lazima tuelewe kwamba alikuwa na njia ya kutoroka. Mpaka wa magharibi ulikuwa wazi, na waliofilisika walikuwa wakipakia mizigo usiku na kwenda kuanza upya mahali ambapo hakuna anayewajua. Offutt mwenyewe aliondoka. Lincoln hakuwa na mke wala shamba la kumfunga pale. Aliwaendea wadai, akawaambia atalipa kadiri atakavyopata, kama watamwachia nafasi. Wengi walikubali.

Na kijiji kilimshika mkono. Mei 1833 alipewa kazi ya posta, ingawa Rais wa wakati ule, Andrew Jackson, alikuwa wa upande mwingine wa siasa. Malipo yalikuwa madogo sana. Siku hizo aliyepokea barua ndiye aliyelipia, kwa kadiri ya kurasa na umbali, na basi watu hawakuharakisha kuzifuata. Lincoln aliziweka ndani ya kofia yake na kuwapelekea alipopita. Faida kubwa kwake ilikuwa magazeti: aliyasoma yote kabla ya wenyewe. Posta ilipofungwa mwaka 1836 alibaki na fedha kidogo za serikali ambazo hakuna aliyezifuata. Inasimuliwa kwamba afisa alipokuja baadaye kabisa, Lincoln alizitoa kwenye soksi, sarafu zilezile alizopokea, ingawa katikati hapo alikuwa na siku za njaa.

Mwishoni mwa 1833 mpima ardhi wa wilaya, John Calhoun, naye mpinzani wake wa kisiasa, alihitaji msaidizi. Lincoln hakujua upimaji. Alichukua vitabu, akakesha navyo wiki kadhaa hadi akakonda, kisha akanunua farasi kwa mkopo, akapata dira na mnyororo wa kupimia, akaanza kazi. Mimi hili naliona kuwa jambo zuri kuliko yote katika habari hizi. Mtoto wa mtu aliyehangaishwa na mipaka mibovu ndiye sasa anaweka mipaka ya wengine, na watu walikuwa wakimwita kuamua ugomvi wa mashamba kwa sababu waliamini vipimo vyake. Tena kazi hiyo ilimwingiza katika nyumba za wilaya nzima, zile ambazo mwaka 1832 hazikumjua.

Tarehe 4 Agosti 1834 aligombea tena. Kati ya wagombea 13 akawa wa pili, kwa kura 1,376. Hata wa chama cha upinzani walimpigia. Hakuwa na nguo ya kuvaa bungeni, akamwendea mkulima mwenye uwezo, Coleman Smoot, akamkopa dola 200. Akashona suti, akapanda gari la farasi kwenda Vandalia, makao makuu ya jimbo wakati huo. Mheshimiwa mpya mwenye deni jipya.

Lakini si wadai wote waliokuwa na subira. Mmoja, aliyekuwa ameinunua moja ya zile karatasi, alikwenda mahakamani akapata hukumu. Farasi wa Lincoln, tandiko, dira na mnyororo vikakamatwa na kupelekwa mnadani. Kwa mpima ardhi hiyo ni sawa na kukatwa mikono. Lincoln alivunjika moyo, hata mnadani hakwenda. Jirani mmoja, mkulima James Short, ambaye vijana walimwita Mjomba Jimmy, alikwenda, akapandisha bei hadi, kwa masimulizi yake, dola 120, akavinunua vyote, akamrudishia mwenyewe. Short hakuwa tajiri.

Alishauriwa na mbunge mwenzake, John Stuart, asome sheria, naye akamwazima vitabu. Alipata leseni ya uwakili mwaka 1836. Aprili 1837 alihamia Springfield juu ya farasi wa kuazima. Aliingia katika duka la Joshua Speed kuulizia bei ya godoro na vifaa vyake. Ilikuwa dola 17. Alisema bei ni nafuu lakini hana, labda akopeshwe hadi Krismasi, na kama uwakili ukishindikana huenda asilipe kamwe. Speed alimwonea huruma, akamwambia juu kuna chumba chenye kitanda kikubwa, walale wote. Lincoln alipanda ngazi na mifuko yake, akaiweka, akashuka akitabasamu kwamba amekwisha kuhamia.

Alikaa Bunge la jimbo vipindi vinne, hadi 1842. Na hapa tusimsafishe kupita kiasi. Yeye na wenzake walisukuma mpango mkubwa wa reli na mifereji kwa fedha za mkopo. Mwaka 1837 uchumi wa nchi ukaanguka, kazi zikasimama, na Illinois ikabaki na deni la mamilioni ya dola ambalo wananchi walilipa kwa miongo mingi. Aliyeungua kwa duka la mkopo aliliingiza jimbo zima katika mkopo. Lakini mwaka huohuo wa 1837, yeye na mbunge mmoja tu mwingine, Dan Stone, waliandika pingamizi rasmi wakisema utumwa ni dhuluma, wakati karibu Bunge zima lilikuwa limepiga kura ya kuwalaani wanaoupinga.

Wasomaji wa ukurasa huu wangependa kujua habari za imani yake. Wazazi wake walikuwa Wabaptisti. Yeye hakuwahi kuwa mshirika wa kanisa lolote. Mwaka 1846 alipogombea Bunge la taifa mpinzani wake alikuwa yuleyule mhubiri Cartwright, na upande ule ukaeneza kwamba Lincoln anadharau dini. Alichapisha karatasi akikubali kwamba si mshirika, na kukana kwamba amewahi kukashifu dini. Akashinda. Baadaye, katika miaka ya vita na baada ya kuzika watoto wawili, maneno yake yalijaa Maandiko, lakini hakubatizwa, na si juu yetu kumwongezea asichokuwa nacho.

Deni la duka alilipa polepole, kwa ada za uwakili, na kwa masimulizi ya rafiki zake lilikwisha miaka ya 1840, zaidi ya miaka kumi baada ya duka kufungwa. Desemba 1848, akiwa mbunge huko Washington, alimtumia baba yake dola 20 ili shamba la mzee lisiuzwe kwa deni. Uhusiano wao ulikuwa baridi, na Thomas alipofariki mwaka 1851 mwanawe hakwenda kumzika.

Mengine mnayajua. Alishindwa useneta mara mbili, akachaguliwa Rais Novemba 1860, majimbo ya kusini yakajitenga, vita ikadumu miaka minne. Tarehe 1 Januari 1863 alitia sahihi tangazo la uhuru wa watumwa katika maeneo ya waasi. Alipigwa risasi usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 akafariki asubuhi yake, na wakati huo wale vijana wa New Salem walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Maana kijiji chenyewe hakikuwepo tena. Mwaka 1836 Lincoln alipima viwanja vya mji mpya, Petersburg, maili chache chini ya mto. Mwaka 1839 Petersburg ukafanywa makao makuu ya wilaya mpya, watu wakabomoa nyumba zao za magogo wakazibeba kwenda kule, na kufikia 1840 kilima kilikuwa kitupu. Nyumba zinazoonekana pale leo zilijengwa upya katika karne ya 20 kwa ajili ya kumbukumbu.

James Short alihamia California na mambo hayakumwendea vizuri. Habari zake zilimfikia Rais katikati ya vita. Lincoln akampa kazi ya serikali hukohuko California.